Somo la 22: Sauti ya Picha

Mwaka 1849 Mfaransa mmoja, François-Auguste Biard, fundi wa kuchora, alimaliza picha kubwa ya rangi. Inaonyesha siku watumwa wa makoloni ya Ufaransa walipopewa uhuru. Hata leo picha hiyo inatunzwa katika jumba la Versailles, karibu na Paris.

Picha yenyewe ni hivi. Upande mmoja amesimama mjumbe wa serikali, ameinua kofia yake. Hapo pana bendera ya Ufaransa yenye rangi tatu. Katikati mume na mke wamekumbatiana kwa furaha, na mume ameinua juu mikono yenye minyororo iliyokatika. Upande wa pili wako wanawake Wazungu, na watu weusi wamepiga magoti mbele yao wakishukuru.

Mtu anaposema, sauti yake inaonyesha kama anafurahi ao anakasirika. Picha haina kinywa, lakini nayo ina sauti. Sauti ya picha hii ni ya furaha na ya sifa. Hakuna damu, hakuna hasira, hakuna aliye na fimbo.

Basi, kusudi lake ni nini? Anayetaka kulijua aulize: Nani amesimama? Nani amepiga magoti? Bendera iko wapi? Katika picha hii serikali inatoa, mtumwa anapokea. Kusudi lake ni kuisifu Jamhuri ya Ufaransa, iliyozaliwa Februari 1848, ili Wafaransa waone fahari juu ya nchi yao.

Biard hakuwa rafiki wa wauza-watu. Mbele ya hapo alikwisha kuchora picha nyingine ya kuonyesha ukali wa biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika. Tena ni kweli kwamba tarehe 27 Aprili 1848 serikali ya Paris iliandika amri ya kuwafungua watumwa. Victor Schoelcher alifanya kazi sana kwa ajili ya amri hiyo. Watu 250,000 hivi walipata uhuru.

Lakini picha haisemi yote. Katika kisiwa cha Martinique, mwezi wa Mei 1848, mtumwa mmoja jina lake Romain alifungwa kwa sababu alipiga ngoma. Wenzake wakakusanyika kudai afunguliwe. Tarehe 22 Mei watu walipigana katika mji wa Saint-Pierre, na wengine wakafa. Kesho yake, tarehe 23 Mei, gavana akatangaza uhuru. Amri ya Paris ilikuwa haijafika bado; merikebu iliileta mwezi wa Juni. Watumwa wale hawakungoja kwa magoti.

Wala picha haisemi habari ya feza. Mwaka 1849 sheria iliwapa mabwana malipo kwa ajili ya watumwa waliowapoteza. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu kwa miaka yote ya kazi yao.

Je, picha ni ya uongo? Hapana, inasema sehemu moja ya kweli na kunyamaza juu ya nyingine. Mungu aliumba kila mtu kwa mfano wake. Kwa hiyo uhuru si matabishi ya bwana kwa mtumwa. Ni haki iliyoibwa, nayo ilipaswa kurudishwa. Mwanafunzi mwenye akili husikiliza sauti ya picha, kisha huwatafuta wale wasioonekana ndani yake.

MANENO
Amri: neno la serikali la kutiiwa.
Fahari: kujivunia kitu.
Matabishi: zawadi.

MAULIZO
1. Ni alama gani zinazoonyesha furaha katika picha?
2. Kwa nini fundi alichora bendera?
3. Chora picha ya Saint-Pierre, tarehe 22 Mei 1848. Nani atasimama katikati? Eleza sababu.