Nirudi Kibarani au Nibaki Doha?

Swali: Naendesha lori Doha, mama anazeeka kwetu Kibarani, Mombasa. Nirudi?

Jibu: Ndugu yangu, kama mama amebaki peke yake, rudi, ila usije mikono mitupu. Jaa la taka la Kibarani unalolikumbuka limefungwa na daraja jipya la Makupa lilifunguliwa 2022, lakini kazi ya malori bandarini iliyumba reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena 2018. Basi njoo likizo kwanza, uzungukie makampuni ya Changamwe mwenyewe, uulize mishahara. Kisha maliza mkataba, udai kiinua mgongo: sheria ya Qatar inakupa angalau wiki 3 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi. Na ukitaka kujenga nyumbani kwa pesa hizo, kiwanja cha kuuziwa kwa simu kiache kabisa.