Kunoa Vyombo Vikuukuu vya Seremala

Siku moja nilipokuwa nikipita Natta katika safari yangu ya kwenda Mugumu, nilimkuta kijana mmoja, fundi wa milango na viti, ameketi kando ya barabara akimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mizani yake. Miguuni pake palikuwa na sanduku la vyombo vya marehemu babu yake: randa moja ya chuma, patasi nne, misumeno miwili na tezo moja, vyote vyekundu kwa kutu. Nilipomwuliza sababu ya kuviuza akanijibu, "Kaka, vyombo hivi vimekufa. Randa hii hairandi, hung'oa mbao. Juzi nimeharibu mlango wa mtu, na mbao zile nimelipa mimi." Nikamwomba anipe patasi moja, nikaigeuza juani, nikaona neno Sheffield limepigwa mhuri karibu na mpini. Nikamsihi asubiri kwanza.

Sheffield ni mji wa Uingereza. Huko, katika miaka ya 1740, mtengeneza saa mmoja, jina lake Benjamin Huntsman, alipata njia ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, ikatoka feleji safi yenye ugumu ulio sawasawa kila mahali. Tangu hapo mji ule ukasifika kwa visu na patasi, na vyombo vyake vilifika hata huku kwetu. Mtu aliye na chombo cha namna hii, naye anataka kukiuza kwa uzito wa kilo, ni kama mtu achinjaye ng'ombe wa maziwa kwa sababu kamba yake imekatika.

Tena yafaa kukumbuka ya kuwa mbao si kitu cha bure. Natta imepakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, nako miti haikatwi. Mbao hununuliwa, na ubao uliochanwa na randa butu ni fedha iliyotupwa. Wala si fedha tu. Chombo butu husukumwa kwa nguvu, na kisukumwacho kwa nguvu kikiteleza hakichagui pa kuingia. Patasi kali huongozwa kwa vidole.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kwanza chombo kipimwe kama kinastahili taabu. Kutu ya juu si neno: sugua kwa majivu na mafuta ya taa, au kilaze chuma usiku mmoja katika maji ya ndimu, asubuhi ukioshe kwa maji ya majivu ili kuua ule ukali wa ndimu, ukikaushe na kukipaka mafuta. Usikiache humo siku tatu, maana ndimu ikimaliza kutu huanza kula chuma. Lakini kutu iliyochimba vishimo karibu na makali, upande wa bapa, hiyo ni habari nyingine, na sababu yake nitaieleza. Kisha ijaribu feleji kwa tupa karibu na ncha. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, feleji ingali ngumu. Ikiuma na kutoa vumbi kwa urahisi, feleji imelainika, na makali yake hayatadumu.

Je, makali ni nini? Ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana bila kubaki unene wowote kati yake. Patasi ina nyuso mbili, bapa kwa nyuma na hanamu, yaani mteremko, kwa mbele. Mafundi wengi niliowaona hunoa hanamu tu, nao hunoa mpaka jua lichwe wasipate kitu, kwa kuwa bapa lina mabonde na vishimo, na uso mmoja ukiwa mbovu makutano hayawezi kuwa mazima. Hili ndilo neno kubwa katika makala yangu, na msomaji akisahau mengine yote nitaridhika akishika hili: anza na bapa. Lilaze lote juu ya kinoo, ubonyeze kwa vidole, ulisugue mpaka sehemu ya sentimita tatu hivi iliyo karibu na makali ing'ae yote pamoja bila doa. Kazi hii huchukua saa nzima au zaidi kwa chombo kikuukuu, lakini hufanywa mara moja tu katika maisha ya chombo.

Kinoo nacho lazima kiwe sawa. Vinoo vingi vya nyumbani vina bonde katikati, kwa sababu mapanga na visu vya jikoni vimepita hapo miaka mingi, na jiwe lenye bonde huzaa chuma chenye kilima. Mwaga mchanga laini na maji juu ya sakafu ya saruji, ukisugue kinoo kwa kukizungusha mpaka bonde liishe. Asiye na kinoo na atafute kipande cha kioo kinene na karatasi za msasa wa maji, namba 220 kwanza, kisha 400, kisha 1000. (Vijana wengine hawajui ya kuwa msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na maseremala wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi kuja.)

Bapa likiisha, geukia hanamu. Watu huniuliza namna ya kupima pembe bila chombo cha kupimia. Ni rahisi. Pima unene wa chuma, kisha urefu wa mteremko uwe mara mbili ya unene huo, nawe umepata nyuzi 30. Chuma chenye unene wa milimita 5 kitakuwa na mteremko wa milimita 10. Mteremko ukiwa mrefu zaidi, kama milimita 12, pembe imeshuka karibu na nyuzi 25, nayo yafaa kwa mbao laini kama msonobari. Kwa mti mgumu kama mpingo usishuke chini ya 30, maana makali membamba humeguka.

Noa kwa kusukuma na kuvuta pasipo kuuyumbisha mkono. Baada ya muda pitisha kidole upande wa bapa, ukitoka katikati kwenda ukingoni, utausikia unyuzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Unyuzi huo ni shahidi ya kuwa umefika mwisho wa chuma; kabla haujatokea katika upana wote, usihamie jiwe laini. Ukiisha kutokea, hamia jiwe laini, hanamu kidogo, bapa kidogo, mpaka unyuzi uanguke. Malizia juu ya ngozi, hata mkanda mkuukuu watosha, kwa kuvuta kinyumenyume tu.

Nawe utajuaje kama kimenoka? Wengine hukata nywele za mkono, na hujikata na ngozi. Njia iliyo bora ni kutazama. Elekeza makali kwenye mwanga wa jua. Palipo butu utaona mstari mweupe unaometa, kwa kuwa butu lina upana na upana huo hurudisha nuru. Makali ya kweli hayaonekani.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Zamani kidogo, kwa uvivu, niliipeleka patasi nzuri kwenye mashine ya umeme ya kunolea. Cheche zikaruka, nami nikafurahi kwa wepesi wa kazi, mpaka nilipoona ncha imekuwa ya buluu. Rangi ile ni ya moto uliofika nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na feleji iliyofika hapo imepoteza ugumu wake. Ikabidi niisage polepole mpaka sehemu ya buluu iishe yote, nikapoteza karibu sentimita nzima ya chuma. Anayetumia mashine na achovye chuma katika maji kila baada ya kugusa mara mbili tatu, wala asivae glavu, ili vidole vimwambie mapema.

Kisu cha randa hunolewa vivyo hivyo. Lakini kile chuma cha pili kinachokifunika lazima kikikalie sawasawa, pasiwe na mwanya ambamo maranda yataingia na kukwama, na ukingo wake uwe nyuma ya makali kwa milimita moja hivi. Kisu kitokeze kidogo sana. Kijana wangu wa Natta alikuwa amekitokeza kama ulimi wa mbwa siku ya jua. Ndiyo maana randa yake iling'oa.

Msumeno una habari yake. Wa kupasulia, ufuatao nyuzi za mti, meno yake ni kama patasi ndogo, nayo hupigwa tupa moja kwa moja kukingama ubao wa msumeno. Wa kukatia nyuzi, meno yake ni kama ncha za visu, nayo hupigwa tupa kwa kuinamisha, jino moja huku na jino la pili kule. Kabla ya yote pitisha tupa bapa juu ya ncha zote mpaka ziwe kimo kimoja, ndipo ushike tupa ya pembe tatu, jino kwa jino, idadi ile ile ya mapigo. Meno yapindwe kidogo kwa zamu, kushoto na kulia, ili njia ya msumeno izidi unene wake na usibanwe. Yakipindwa kupita kiasi, msumeno hutangatanga na mkono huchoka bure.

Wala tusidhani ya kuwa ni sisi tu tunaohifadhi vyombo vya kale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilianzishwa Uingereza jumuiya iitwayo Tools for Self Reliance. Watu wake walikusanya vyombo vilivyoachwa vibandani, wakavitoa kutu, wakavinoa na kuvituma Afrika. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi zilizovipokea, na huku kwetu ilisaidiwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973. Walimu wenye darasa la ufundi wangeweza kuifanya kazi kama hiyo na wanafunzi wao, wakianza na masanduku yaliyo chini ya vitanda vya wazee.

Yule kijana tulikaa naye mchana kutwa, tukasimamisha patasi mbili na kisu cha randa. Mnunuzi alipofika na mizani yake aliondoka na tezo peke yake, kwa kuwa ilikuwa imepasuka shingoni.