SOMO LA BIASHARA: Seva ya Barua Pepe ya Kampuni Yako Ikae Wapi?

Kampuni nyingi huanza na simu moja, kitabu cha risiti na anwani ya barua pepe ya bure iliyofunguliwa na mtu mmoja ofisini. Zikiwa na watu watano, mpango huo hutosha. Zikifikisha wafanyakazi 60 au 80, barua pepe huwa ndiyo njia ya kupokea oda, kutuma ankara, kujibu zabuni na kuwasiliana na benki. Hapo ndipo swali huzuka katika mkutano wa wasimamizi: tununue seva yetu, au tukodi huduma?

Somo la toleo hili linawalenga wenye kampuni, mameneja, maafisa wa vyama vya ushirika na vijana wanaosimamia kompyuta kazini. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 inahesabu biashara ndogo kuwa ile yenye wafanyakazi kati ya 10 na 50. Sisi tunazungumza na waliovuka hapo: wakubwa mno kutegemea anwani ya mtu binafsi, lakini bila idara kamili ya teknolojia.

Seva ni posta ya kampuni

Seva ya barua pepe ni kompyuta isiyozimwa, inayofanya kazi tatu: kupokea barua zinazoingia, kuzihifadhi katika sanduku la kila mfanyakazi, na kupeleka zinazotoka. Ukiandika barua kwa simu au kompyuta yako, huipeleki moja kwa moja kwa mteja. Unaikabidhi seva yako, nayo inaitafuta seva ya mteja na kuiachia hapo.

Sote tunajua shida ya kutumia sanduku la posta la mtu mwingine. Akihama au mkikosana, ufunguo anao yeye na barua zako zimo ndani. Kampuni inayotumia anwani ya bure ya karani wake imo katika hali hiyo hiyo. Akaunti ya iTax ya kampuni imefungamana na anwani ya barua pepe, na nenosiri jipya hutumwa huko huko. Karani akiondoka na anwani yake, kampuni inaweza kujikuta imefungiwa nje ya mambo yake yenyewe.

Kwanza, jina

Kabla ya kujadili seva, hakikisha kampuni ina jina lake la kikoa, yaani sehemu inayofuata alama ya @ katika anwani. Nchini Kenya majina yanayoishia na .ke, yakiwemo ya .co.ke, yanasimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Hulipiwa kila mwaka au kwa miaka kadhaa kwa pamoja.

Jina hilo lisajiliwe kwa jina la kampuni. Lisiwe la fundi aliyetengeneza tovuti, wala la mwana wa mkurugenzi. Anwani ya kupokea kumbusho za malipo iwe inayosomwa na watu wawili, na isiwe ndani ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikizimika kwa kukosa kulipiwa, kumbusho litakuwa limezimika nacho.

Ukiwa na jina lako, seva inaweza kubadilishwa wakati wowote bila mteja kujua. Anwani hubaki ile ile; kinachobadilika ni maelekezo ya barua zipelekwe wapi. Ndiyo maana kosa la kuchagua seva linaweza kurekebishwa, lakini kosa la kupoteza jina ni gumu zaidi.

Pili, hesabu masanduku

Tuseme kampuni ya kukausha na kufungasha matunda ina wafanyakazi 80. Je, inahitaji masanduku 80? Huenda waliopo kwenye mashine na kwenye malori hupata maagizo kwa msimamizi au kwa simu. Wanaoandikiana na watu wa nje ni 35 tu. Anwani za idara, kama vile mauzo@ au hesabu@, zinaweza kuelekezwa kwa watu kadhaa bila kila moja kulipiwa kama mtu. Fanya hesabu hii kabla ya kuuliza bei popote. Utaona umuhimu wake hivi karibuni.

Njia tatu zilizopo

*Njia ya kwanza: seva yako mwenyewe ofisini.* Programu si tatizo. Postfix, ambayo hupokea na kupeleka barua, na Dovecot, ambayo huwafungulia watu masanduku yao, hupatikana bila malipo ya leseni na zimetumika duniani kwa zaidi ya miaka 20. Faida ni kwamba barua ziko chini ya paa lako, na kuongeza sanduku jipya hakuongezi malipo ya kila mwezi.

Mzigo uko kwingine. Unahitaji stima isiyokatika au betri ya akiba, intaneti yenye anwani ya IP isiyobadilika, nakala za akiba zinazowekwa mahali pengine, na mtu wa kuihudumia. Stima ikipotea kwa saa chache, barua hazipotei papo hapo: seva ya mtumaji hujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Lakini wafanyakazi wako hawataweza kusoma wala kutuma chochote. Kubwa zaidi ni ulinzi. Mnamo Machi 2021, wadukuzi waliingia katika maelfu ya seva za Microsoft Exchange duniani kupitia kasoro za programu. Marekebisho yalikuwa yametolewa, ila seva nyingi zilichelewa kuyapata. Matoleo ya Exchange ya 2016 na 2019 nayo yalifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiuziwa seva iliyotumika, uliza kwanza ina toleo gani.

*Njia ya pili: masanduku yanayokuja pamoja na tovuti.* Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hutoa masanduku ya barua kwa bei ya chini, na kwa ofisi ndogo yanaweza kufaa. Lakini seva hiyo mara nyingi unaitumia pamoja na wateja wengine usiowajua. Mmoja wao akituma barua taka kwa wingi, seva nzima inaweza kuwekwa kwenye orodha ya wanaokataliwa, na ankara zako zikakataliwa pamoja na uchafu wake. Nafasi nayo huwa finyu. Sanduku likijaa, barua za wateja hurudishwa.

*Njia ya tatu: kukodi huduma kamili.* Mifano ni Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho Mail. Unalipa kwa kila mtu kwa mwezi au mwaka. Hununui mashine, na marekebisho ya usalama ya seva pamoja na uchujaji wa barua taka hufanywa na mwenye huduma. Upungufu wake: gharama hupanda kila unapoajiri, bei nyingine hutajwa kwa dola kwa hivyo hubadilika na shilingi, na intaneti ya ofisi ikikatika unahitaji njia nyingine, hata kama ni ya simu.

Hesabu ya miaka mitatu

Usilinganishe bei ya mashine na bei ya mwezi mmoja. Linganisha miezi 36 kwa 36. Takwimu zifuatazo ni za mazoezi tu. Weka zako baada ya kuuliza bei.

Tuseme huduma ya kukodi ni shilingi 800 kwa mtu kwa mwezi:

- Masanduku 80: 80 × 800 × 36 = shilingi 2,304,000
- Masanduku 35: 35 × 800 × 36 = shilingi 1,008,000

Tuseme seva ya ofisini ina gharama hizi:

- Mashine: shilingi 350,000
- Betri ya akiba: shilingi 80,000
- Diski za nakala: shilingi 60,000
- Nyongeza ya intaneti yenye IP isiyobadilika: 10,000 × 36 = shilingi 360,000
- Fundi wa muda: 30,000 × 36 = shilingi 1,080,000
- Jumla: shilingi 1,930,000

Ukihesabu masanduku 80, seva yako inaonekana nafuu kwa shilingi 374,000. Ukihesabu masanduku 35 yanayohitajika kweli, huduma ya kukodi ni nafuu kwa shilingi 922,000. Bei ni zile zile; kilichobadilika ni idadi ya masanduku. Angalia pia kwamba zaidi ya nusu ya gharama ya seva ya ofisini ni malipo ya fundi. Anayekuambia seva yako itakuwa ya bure kwa sababu programu ni ya bure, amemsahau mtu.

Je, barua itafika?

Seva inaweza kuwaka vizuri na barua zikaishia katika kapu la barua taka la mteja. Seva zinazopokea hutaka uthibitisho kwamba barua imetoka kwako kweli. Uthibitisho huo huwekwa katika rekodi za kikoa chako, nao ni wa aina tatu:

1. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako.
2. DKIM ni muhuri wa kidijitali unaobandikwa kwenye kila barua, unaoonyesha kwamba haikuchezewa njiani.
3. DMARC ni agizo lako kwa wapokeaji kuhusu la kufanya na barua iliyoshindwa mtihani: iachwe ipite, itengwe au ikataliwe.

Tangu Februari 2024, Google inataka kila anayetuma barua kwa anwani za Gmail awe na SPF au DKIM. Wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku lazima wawe na zote tatu. Hata ukikodi huduma, rekodi hizi haziji zenyewe katika kikoa chako. Mtu lazima aziweke. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie akuonyeshe barua ya majaribio iliyopita mitihani yote mitatu.

Ankara ya uongo

Hasara kubwa ya barua pepe mara nyingi huja bila mashine kuharibika. Mtu hujifanya muuzaji mnayemjua, anaandika kwamba akaunti yake ya benki imebadilika, na mhasibu analipa. Kati ya 2013 na 2015, Google na Facebook zenyewe zililipa zaidi ya dola milioni 100 kwa ankara bandia za mtu aliyejifanya kampuni ya vifaa waliyofanya nayo biashara. Kama kampuni hizo zilidanganyika, kampuni ya watu 80 haina kinga ya kuzaliwa nayo.

Kwa hiyo chagua huduma au seva inayoruhusu uthibitisho wa hatua mbili, na uwashe kwa kila mtu, ukianza na wahasibu na wakurugenzi. Kisha weka sheria ya ofisi: akaunti ya benki ya muuzaji haibadilishwi kwa barua pepe pekee. Mhasibu apige simu kwa nambari iliyokuwa kwenye faili tangu zamani, asitumie ile iliyoandikwa kwenye barua mpya.

Sheria ya data

Masanduku ya kampuni yamejaa nakala za vitambulisho, mishahara na nambari za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakufanya uwajibike kwa taarifa hizo, ziwe ofisini kwako au kwa mwenye huduma. Taarifa hizo zikifikiwa na wasioruhusiwa, na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipogundua. Sheria pia ina masharti kuhusu kupeleka data nje ya nchi. Muulize mwenye huduma data itahifadhiwa wapi, na umtake akupe mkataba unaoeleza wajibu wake.

Uamuzi

Seva ya ofisini inafaa kampuni yenye angalau watu wawili wanaoielewa, ili mmoja akiwa likizoni mwingine awepo. Kama fundi ni mmoja, tena wa kuitwa kwa simu, kodi huduma kamili. Masanduku ya tovuti yawe ya muda, au ya ofisi ambayo barua zake zikichelewa siku moja hakuna kitakachoharibika.

Siku ya kuhama, fanya mwishoni mwa wiki. Nakili barua za zamani kwanza, badilisha maelekezo ya kikoa, na uache masanduku ya zamani wazi kwa wiki mbili, kwa sababu baadhi ya barua zitaendelea kufuata njia ya zamani kwa muda.

Zoezi la wiki hii

Keti na mhasibu na msimamizi wa kompyuta kwa saa moja, mwandike majibu ya maswali haya:

1. Kikoa chetu kimesajiliwa kwa jina la nani, na kinaisha lini?
2. Ni watu wangapi hasa wanaohitaji sanduku?
3. Mwenye nywila kuu akiugua kesho, nani mwingine anayo?
4. Nakala za akiba ziko wapi, na ni lini mara ya mwisho tulijaribu kurejesha barua kutoka humo?
5. Iwapo muuzaji atabadilisha akaunti ya benki, nani humpigia simu kuthibitisha?

Mkikwama katika swali la kwanza au la tatu, msinunue chochote bado. Tatueni hayo mawili kwanza. Hayagharimu sana, na seva yoyote mtakayochagua itayategemea.