SOMO LETU: SHOKI ZA MBELE ZINAPOVUJA OILI



Pikipiki ya kikundi ni kama ng'ombe wa maziwa: ikilala siku tatu, kila nyumba inaona pengo. Somo hili ni la vikundi vya Kawangware, Kangemi, Uthiru na Dagoretti vyenye pikipiki kuukuu, kama Yamaha DT 125 au Honda XL 125, ambazo bado zinabeba mboga, maziwa na watu. Chuma chake kinaweza kudumu, lakini mpira huzeeka. Leo tutazungumzia mpira mmoja mdogo uitwao sili.

Kwa nini tusipuuze

Kila shoki ya mbele ina paipu ya chuma inayong'aa, ambayo huingia na kutoka ndani ya mguu wa chini. Ndani mna springi na oili. Sili hukaa mdomoni mwa mguu huo, kazi yake ni kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie.

Sili ikichoka, oili huteremka mpaka kwenye gurudumu na inaweza kuingia kwenye breki. Mnajua kwamba ukifunga breki uzito mwingi husukumwa mbele, ndiyo maana breki ya mbele hufanya kazi kubwa kuliko ya nyuma. Sasa fikiria unashuka bondeni Kangemi na abiria, mvua imenyesha, na breki ya mbele imelowa oili. Hapo si habari ya pikipiki tena, ni habari ya maisha ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, chunguza

Panguza paipu kwa kitambaa kikavu. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani chini mara kumi, kisha tazama. Ukiona pete ya oili kwenye paipu, sili inavuja.

Lakini usikimbilie kununua. Wakati mwingine ni mchanga tu umekwama. Inua kifuniko cha vumbi, kata ukanda mwembamba wa plastiki laini (filamu ya eksirei ya zamani inafaa), uuingize polepole kati ya sili na paipu, zungusha na uvute uchafu nje. Panguza, jaribu tena. Kama imekauka, umeokoa pesa.

Kisha pitisha ukucha juu ya paipu. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, sili mpya itakatwa upesi. Mkwaruzo mdogo unaweza kulainishwa kwa msasa laini sana wenye oili. Kutu iliyochimba mashimo, au paipu iliyopinda, hiyo ni kazi ya kubadilisha paipu. Usidanganyike kuweka sili juu ya paipu mbovu.

Kununua

Maduka mengi ya spea yako Kirinyaga Road katikati ya jiji, ile ambayo wengi bado huiita Grogan. Nenda na sili ya zamani mkononi. Juu yake mna namba tatu, kwa mfano 31-43-10: upana wa ndani, upana wa nje na kimo, kwa milimita. Namba zote tatu lazima zilingane. Nunua mbili, maana ya upande wa pili ina umri uleule. Nunua pia oili ya shoki. Mweka hazina adai risiti.

Hatua za kazi

1. Weka kreti imara chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lielee. Toa waya wa breki na wa spidomita, gurudumu, na madigadi.

2. Legeza bolti ya kibanio cha juu, kisha legeza kidogo tu kifuniko cha juu ya paipu. Legeza pia bolti iliyo chini kabisa ya mguu wakati springi bado iko ndani. Ukitoa springi kwanza, bolti hiyo inaweza kuzunguka bure bila kufunguka.

3. Legeza kibanio cha chini, vuta shoki nje huku ukiizungusha. Fungua kifuniko cha juu ukikikandamiza kwa mkono, uso wako ukiwa kando, kwa maana springi hukisukuma. Kumbuka upande wa springi uliokuwa juu.

4. Mwaga oili kwenye debe. Toa bolti ya chini, vuta paipu. Toa kifuniko cha vumbi na klipu ya waya, kisha ng'oa sili kwa bisibisi pana. Weka kipande cha mti chini ya bisibisi ili usijeruhi mdomo wa mguu.

5. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, na ukaushe.

6. Paka sili mpya oili. Upande wenye kijispringi huelekea ndani, kwenye oili. Iweke sili ya zamani juu ya mpya, gonga taratibu kuzunguka pande zote mpaka mfereji wa klipu uonekane wote. Rudisha klipu.

7. Funika ncha ya paipu kwa karatasi ya nailoni ili isikate sili, kisha ipitishe. Rudisha bolti ya chini na washa yake.

8. Tia oili kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo, sawa pande zote mbili. Usizidishe: hewa ikikosa nafasi, shinikizo litaharibu sili mpya.

9. Rudisha vyote, paipu zote zikiwa kimo kimoja. Kaza vizuri.

Breki

Viatu vya breki vilivyolowa oili vibadilishwe. Kuvichoma moto au kuvisugua si dawa. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo. Panguza kwa kitambaa chenye maji. Jaribu breki uwanjani, bila abiria, kabla ya kuingia barabarani.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Dagoretti huelekea Motoine na Mto Nairobi, na chini huko kuna watu wanaomwagilia mboga. Ihifadhini kwenye mtungi wenye kifuniko.

Mkimpa fundi wa jua kali kazi hii, kaeni naye mtazame, na mdai sili za zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani katika kikundi ana mamlaka ya kusema, "Leo pikipiki haitoki"? Je, dereva anayetafuta riziki anaweza kusema hivyo bila kuogopa kupoteza kazi?

2. Kila wiki tunaweka kando kiasi gani cha matengenezo kabla ya kugawana?

3. Ni vijana wawili gani, msichana na mvulana, watakaojifunza kazi hii kwa niaba yetu?

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kipanguze paipu za pikipiki yake na kiandike katika daftari kilichoonekana.