Kuomba Masomo ya Daraja la Juu

Vijana wetu wasomao Kisii na Nyamira hutuuliza: je, aliyefuzu aombe masomo mazito ya Chuo Kikuu, au atosheke na mepesi? Twajibu: na apime mambo matatu. Kwanza nia, akitaka jina tu, na aache. Pili uwezo, wa akili na wa mfuko. Tatu mashauri ya wajuzi, kisha asali Istikhara. Wala asiseme, "Mimi mnyonge". Mara nyingi huo ni woga uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Chuo cha Kisii chenyewe kilianza mwaka 1965 kwa kufunza walimu wa shule za msingi. Mwaka 2013 kikapewa hati ya Chuo Kikuu. Kuomba si kupewa, lakini asiyeomba amejinyima kabla ya kunyimwa.