Bei ya Risasi na Tabia ya Mnunuzi: Somo kutoka Turkana

Kila bidhaa ina bei yake, na kila bei huwafundisha watu tabia. Sukari ikipanda bei katika maduka ya Lodwar, mama mwenye nyumba hupunguza kijiko kimoja katika birika. Unga ukipanda, ugali wa jioni hugeuka uji. Mambo hayo yajulikana na kila mtu. Lakini iko bidhaa moja ambayo bei yake haikuandikwa juu ya ubao wa duka lo lote mjini, nayo yajulikana sana na wachungaji wa nchi iliyo kati ya Kakuma na milima ya mpaka wa Uganda. Bidhaa hiyo ni risasi. Kupanda na kushuka kwa bei yake hugusa mifugo, njaa, na hata uhai wa watu. Kwa sababu hiyo yafaa habari zake zichunguzwe kama zinavyochunguzwa habari za unga na sukari.

MLENGA SHABAHA

Wako watu duniani wanunuao risasi kwa ajili ya mchezo. Hao hulenga shabaha katika viwanja vilivyotengwa, hushindana, kisha hurudi makwao. Katika Kenya mchezo huo ni wa watu wachache, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yaagiza kwamba cheti cha mwenye bunduki kionyeshe pia kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuweka. Katika Marekani mchezo huo ni wa mamilioni ya watu, na tabia ya mnunuzi yaonekana huko kwa wazi zaidi.

Bei ya risasi ikipanda, mlenga shabaha ana njia nne. Kwanza, hupunguza mazoezi: aliyezoea kupiga risasi mia hupiga thelathini. Pili, hubadili bunduki, akaiacha ile kubwa na kutumia ile ndogo ambayo risasi zake ni rahisi. Tatu, huyaokota maganda yaliyokwisha kutumika, akayatia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Nne, huweka akiba, yaani hununua nyingi leo kwa kuogopa bei ya kesho.

Njia hiyo ya nne ndiyo yenye mafunzo makubwa. Mwisho wa mwaka 2012, baada ya mauaji ya watoto katika shule ya Sandy Hook, Wamarekani wengi walidhani kwamba serikali yao ingekaza sheria za silaha. Walikimbilia madukani, na katika mwaka 2013 hata risasi ndogo za bunduki za 0.22 ya inchi, ambazo tangu zamani zilikuwa rahisi kuliko zote, ziliadimika. Wenye maduka walilazimika kuweka kiasi ambacho mtu mmoja asipite. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, mambo yakawa yale yale. Viwanda havikufungwa siku hizo; vilifanya kazi kwa bidii. Lakini kila mtu alipotaka visanduku vitatu badala ya kimoja, hapakuwa na kiwanda kilichoweza kuwatosheleza wote. Ilikuwa hofu ya upungufu iliyouleta upungufu wenyewe.

Hata hivyo, mlenga shabaha akikosa risasi amekosa mchezo tu. Atangoja, na bei itashuka.

MCHUNGAJI

Mchungaji wa Turkana ni mnunuzi wa namna nyingine. Yeye hanunui mchezo, bali ananunua ulinzi wa mbuzi, ng'ombe na ngamia wake. Na wako wengine, ni lazima isemwe, wanaonunua nguvu ya kuteka mifugo ya jirani. Wote wawili, wasipokuwa na cheti, wavunja sheria. Lakini kuujua ubaya wa jambo si sababu ya kutoelewa namna linavyokwenda.

Bunduki hununuliwa mara moja, ikakaa miaka mingi na kurithiwa na mtoto. Risasi ikipigwa imekwisha. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo tu, tena fimbo nzito. Kwa hiyo mwenye bunduki huangalia sana ni risasi ya namna gani ipatikanayo. Bunduki za kale za Kiingereza za .303, bunduki za G3, na zile za Kalashnikov, kila moja ina risasi yake isiyoingia katika nyingine. Namna moja ikiadimika na kupanda bei, watu huitafuta bunduki ilayo risasi iliyo rahisi. Hapo mchungaji na mlenga shabaha wafanana.

Wafanana tena katika kubana matumizi. Risasi ikiwa ghali, hakuna afyatuaye hewani kwa furaha ya arusi, wala kwa kujaribu jicho lake. Risasi ikiwa rahisi, ugomvi mdogo kisimani huweza kumalizika kwa milio, na vijana hupata ushujaa wasioulipia.

Lakini liko jambo moja wasilofanana. Sukari ikizidi bei, mtu aweza kunywa chai isiyo na sukari. Mchungaji ajuaye kwamba jirani wa ng'ambo ya mlima ana risasi kumi hawezi kuridhika na mbili. Atanunua, hata bei ikiwa mara mbili, na kwa ajili hiyo atapunguza kitu kingine: dawa ya mifugo, karo ya shule, au unga wa watoto. Hivyo bei ikipanda, jumla ya risasi zinunuliwazo yaweza kupungua kidogo tu, bali umaskini wa nyumba ukazidi sana.

HESABU YA MBUZI

Katika nchi ya wafugaji bei hupimwa kwa shilingi, na tena hupimwa kwa mbuzi. Na ichukuliwe hesabu ya kubuni, kwa kufundishia tu. Kama mbuzi auzwa shilingi 4,000 na risasi ni shilingi 100, mbuzi mmoja ni sawa na risasi 40. Ukame ukifika, mbuzi hukonda, na kila mtu hupeleka wake sokoni siku moja na wenzake. Bei ya mbuzi yashuka hata shilingi 1,000. Risasi yabaki shilingi 100 kama zamani, lakini sasa mbuzi mmoja ni sawa na risasi 10. Kwa mwenye duka bei haikupanda hata senti. Kwa mchungaji imepanda mara nne.

Hesabu hiyo si mchezo wa darasani. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika Pembe ya Afrika, na Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Wakati wa namna hiyo, malisho na visima vilivyosalia huwa vichache, nayo makundi ya mifugo hukutana mpakani. Hivyo hofu huongezeka wakati ule ule ambao mali hupungua. Mtu huuza mbuzi wengi kwa bei mbaya ili awalinde wachache waliobaki. Na asiye na mbuzi wa kuuza hushawishika kwenda kuteka wa mwenziwe. Hapo ununuzi wa risasi huzaa uvamizi, na uvamizi huzaa ununuzi mwingine.

BEI KATIKA HISTORIA

Mambo haya si mageni. Katika Ethiopia, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, risasi zilitumika kama fedha, pamoja na vipande vya chumvi na riale za Maria Theresa. Kutoka soko la Maji, kusini magharibi mwa nchi hiyo, bunduki zilifika kwa Waturkana wakati huo. Mwaka 1918 majeshi ya Waingereza yaliwapiga Waturkana na kuwanyang'anya silaha na mifugo mingi. Jirani zao wa ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia hawakunyang'anywa, na Waturkana wakawa mawindo. Lilikuwa funzo chungu: silaha zikiondolewa upande mmoja tu, upande wa pili huona soko jipya.

Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramojong wakaichukua ghala ya silaha. Vita vya Sudan vya mwaka 1983 hata 2005, na kuanguka kwa serikali ya Mengistu mwaka 1991, vilizidisha wingi wa bunduki katika nchi za mpakani. Kitu kikiwa kingi bei yake hushuka. Taarifa zilizochapishwa zilisema kwamba huko Kolowa, katika Pokot ya Mashariki, bunduki ya AK-47 iliyonunuliwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986 ilipatikana kwa ng'ombe wanne au watano kufika mwaka 2005. Mtu maskini aliyekuwa hawezi kuinunua bunduki akaweza, na kila aliyenunua bunduki akawa mnunuzi wa risasi kwa muda wa maisha yake.

RISASI ZILITOKA WAPI?

Wengi walidhani kwamba risasi zote haramu za Turkana zilivuka mipaka. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey, lenye makao yake Geneva, lilichapisha uchunguzi wa Wilaya ya Turkana Kaskazini, iliyokuwa na mji wa Kakuma ndani yake. Wachunguzi walizisoma alama zilizopigwa katika kitako cha risasi. Waliona kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kwa njia isiyo halali zilitoka katika ghala za serikali ya Kenya yenyewe, miongoni mwazo zikiwa za kiwanda cha Eldoret. Nyingi zilitolewa kwa makusudi ya ulinzi, ili wananchi wa mbali wajikinge na wavamizi wa Toposa na Dodoth, lakini hazikuhesabiwa vema baada ya kutolewa.

Kwa mambo ya bei, hilo lina maana mbili. Risasi itolewayo bure huishusha bei ya soko lote. Na pindi bei ya soko ipandapo, kila risasi iliyo mkononi mwa askari wa akiba, ambaye kwa miaka mingi alilinda mifugo ya kijiji bila mshahara, huwa kishawishi. Mtu mwenye njaa aliyepewa kitu chenye bei kubwa hawezi kulindwa na kiapo peke yake. Yampasa apewe posho, na risasi zake zihesabiwe, zilizopigwa na zilizobaki.

GHARAMA ISIYOANDIKWA

Iko gharama nyingine kupita ile ya shilingi. Februari 2023 serikali ya Kenya ilizitangaza sehemu za kaunti sita za kaskazini na Bonde la Ufa, Turkana ikiwamo, kuwa za hatari, ikatoa siku tatu za kusalimisha silaha, kisha ikatuma jeshi kuwasaidia polisi. Aprili mwaka huo huo, mahakama ya kijeshi huko Moroto iliwahukumu wachungaji 32 Waturkana kifungo cha miaka 20 kwa kukutwa na bunduki na risasi katika Uganda. Mwezi wa Mei Rais Museveni akaamuru kwamba Waturkana waingiao Karamoja kwa malisho wasiingie na silaha. Miaka ishirini ya mwanamume ni bei ambayo hakuna mchuuzi awezaye kuitaja, na walioilipa ni mke na watoto walioachwa na mbuzi wachache.

Ipo pia njia ya kushusha bei ambayo haiongezi hatari, nayo ni kuondoa haja ya kununua. Mwaka 1973 wazee wa Turkana na wa Matheniko walikutana Lokiriama, wakafanya mapatano na kuzika silaha ardhini. Mapatano hayo hukumbukwa mpaka leo. Pale ambapo majirani wamepatana juu ya kisima na malisho, mchungaji huiweka fedha ya mbuzi wake katika unga na karo, na mwenye risasi za kuuza hukosa mteja.

Wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali. Hakuna bidhaa inayoyathibitisha maneno hayo zaidi ya risasi.

MASWALI YA BARAZANI

1. Kwa nini hofu ya upungufu huleta upungufu?
2. Bei ya risasi yaweza kupandaje kwa mchungaji na hali shilingi hazikuongezeka?
3. Silaha zikikusanywa upande mmoja wa mpaka tu, bei na tabia za watu wa upande wa pili zitakuwaje?