SOMO LETU: AJALI YA NJIANI NA MANENO YA DAFTARI LA HOSPITALI



Leo tutajifunza jambo linaloonekana dogo: maneno machache yanayoandikwa hospitalini mtu anapoletwa ameumia kwa ajali ya gari, pikipiki au baiskeli. Wengi wetu huangalia dawa na bandeji tu. Lakini siku ya kudai fidia, maandishi ndiyo yanayosema kwa niaba yetu.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi wa kiwanda anatoka Kireka saa kumi na mbili asubuhi kwenda zamu yake Nakawa. Amepanda boda-boda. Katika Barabara ya Jinja pikapu inaigonga pikipiki, na mfanyakazi anavunjika mguu. Hospitalini anaulizwa, "Umepatwa na nini?" Anajibu, "Ajali ya barabarani." Daktari anaandika hivyo hivyo. Maneno hayo ni kweli, lakini hayasemi alikuwa amepanda nini, wala alikuwa anakwenda wapi.

NAMBA ZA AJALI

Iko orodha ya kimataifa ya magonjwa na majeraha, inayotunzwa na Shirika la Afya Duniani. Mwanzo wake ni orodha ya sababu za vifo iliyokubaliwa Chicago mwaka 1893. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990, na toleo la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Tutatumia toleo la 10 kama mfano, kwa sababu ni rahisi kulieleza.

Katika toleo hilo jeraha lina namba yake, na chanzo cha jeraha kina namba nyingine. Kuvunjika mguu chini ya goti ni S82. Ajali za vyombo vya usafiri huanza na herufi V. Tazama hizi:

V13.4 – mwendeshaji wa baiskeli aliyegongana na gari dogo au pikapu katika barabara ya umma.
V13.0 – ajali hiyo hiyo, lakini si katika barabara ya umma. Kwa mfano uani mwa kiwanda.
V23.5 – abiria wa pikipiki iliyogongana na gari dogo au pikapu katika barabara ya umma.
V84.7 – mtu aliyekuwa nje ya trekta ya shamba, kama vile kuning'inia, ajali ikatokea nje ya barabara ya umma.
V89.2 – ajali ya gari barabarani, bila maelezo zaidi.

Hiyo ya mwisho ni kapu la wasioelezwa. Ndugu yetu wa Kireka alistahili V23.5, lakini kwa jibu lake fupi anatupwa katika V89.2. Karani hana kosa, kwani hawezi kuandika asichoambiwa.

Tena orodha hiyo ina tarakimu ya kuonyesha mtu alikuwa anafanya nini alipoumia. Tarakimu 2 maana yake alikuwa katika kazi ya kipato, na maelezo yake yanahesabu pia safari ya kwenda na kurudi kazini.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Uganda ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inakwenda njia hiyo hiyo. Mfanyakazi akiumia kwa ajali akiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini, au kutoka kazini, huhesabiwa ameumia kazini. Lakini ni juu ya mfanyakazi mwenyewe kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Hapo ndipo daftari la hospitali linapopata uzito. Likiwa na saa ya ajali, mahali, na maneno "alikuwa anakwenda kazini", ukiliweka pamoja na orodha ya zamu, una ushahidi mkononi. Likisema "ajali ya barabarani" tu, utabaki kubishana kwa mdomo.

Na kinachobishaniwa si kidogo. Mfanyakazi akifa, au akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, sheria inahesabu fidia kwa mapato yake ya miezi 60. Tena taarifa ya ajali impate mwajiri katika muda wa mwezi mmoja. Usiseme, "Msimamizi aliniona." Peleka barua, ubaki na nakala.

MAMBO MATANO YA KUSEMA HOSPITALINI

1. Ulikuwa nani: mwenda kwa miguu, mwendeshaji, au abiria.
2. Ulikuwa umepanda chombo gani.
3. Mligongana na nini, au mlianguka wenyewe.
4. Ilikuwa wapi na saa ngapi: barabara ya umma, uani mwa kiwanda, au ndani ya shamba.
5. Ulikuwa unafanya nini: unakwenda zamu, unarudi, au umetumwa na mwajiri.

Omba yaandikwe katika daftari lako pamoja na tarehe na sahihi. Kama majeruhi hawezi kusema, aliyemleta aseme kwa niaba yake. Ajali ya barabarani iandikishwe polisi pia, na namba ya gari ichukuliwe.

Sema kweli tupu. Aliyekuwa anatoka sokoni asiseme alikuwa anatoka kazini. Uongo wa mmoja ukijulikana, madai ya kweli ya wengine kumi yatatiliwa shaka.

Maandishi haya yana faida kwetu sote. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Kampala, miongoni mwao mpasuaji Olive Kobusingye, walitunga fomu ya ukurasa mmoja ya kuandikisha majeruhi wanaofika hospitalini. Walijua kwamba ajali isiyohesabiwa haizuiliki. Sisi nasi tukitaka kudai kofia za pikipiki, taa kwenye lango la kiwanda, au gari la kubeba watu badala ya trekta, tutahitaji hesabu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika tawi lenu, nani anaweka nakala za barua za ajali?
2. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanasafiri kwa njia gani? Orodha ya zamu inapatikana kwa nani?
3. Mtu akiumia leo na kuzimia, je, mwenzake wa kazini anayajua mambo matano ya kusema?

Msomee mwenzako asiyejua kusoma.